Mkwe Wangu na Kompyuta ya Kupakata

Jumatatu, 3 Machi 1997

Umeme umekatika saa tatu asubuhi. Tena. Nimechapa hati nne za mizigo ya samaki wa kiwanda kwa taipureta, kila moja nakala sita, kaboni imenipaka hadi kwenye kiwiko. Hati ya tatu nilikosea uzito wa minofu, nikafuta kwa wino mweupe. Kabla ya saa saba kiwanda kimeirudisha. Wazungu wanaonunua sangara wetu hawataki tena karatasi iliyofutwafutwa. Wanataka ya kompyuta.

Meneja amerudi kutoka Nairobi na mambo mapya. Tunanunua kompyuta ya kupakata, ile inayokaa mapajani kama mtoto, yenye betri yake, ili mgao ukija kazi isisimame. Moja tu. Ya bei ya kati: isiwe ya kufa mwezi wa pili, isiwe ya mawaziri. Kiwanda kimempa muda hadi Pasaka. Hati zisipobadilika wanahamia kwa wakala mwenzetu wa ng'ambo ya barabara, na wakihama, meza ya mpiga chapa inafungwa. Mpiga chapa ni mimi. Miaka kumi na tisa kwenye meza hiyo hiyo.

Halafu akasema tuichague watu wawili. Mimi, kwa kuwa ndiye nitakayeshinda nayo, na mhasibu mpya, kwa kuwa amesomea kompyuta Dar. Mkae pamoja mchague, akasema.

Mhasibu mpya ni mkwe wangu. Amemwoa Kabula wangu mwaka jana.

Nimekasirika mpaka nashindwa kula.

Jumanne, 4 Machi

Meneja ni mtu wa Pwani. Kwake mkwe ni jamaa wa kunywa naye soda. Kwetu Usukumani mama mkwe na mkwe hawapeani mkono, hawali pamoja, hawatazamani usoni. Kumbishia mkwe wako mbele ya watu ni sawa na kuvua nguo sokoni.

Tangu kijana huyu aajiriwe Januari tumesukuma kabati la mafaili hadi katikati ya chumba. Yeye huko, mimi huku. Nikitaka jumla ya mizigo ya wiki namtuma Mzee Lukasi, tarishi wetu. Hatua tano. Anazunguka kabati, anasema nilichosema, ambacho mkwe wangu ameshakisikia, kisha anarudi na jibu ambalo nami nimeshalisikia.

Wako wanaonicheka. Wewe umesoma, unasali Katoliki, mambo ya kizamani ya nini? Wacheke. Mimi nikimwona yule kijana mlangoni shingo inainama yenyewe.

Leo nimemtuma Mzee Lukasi amuulize anapendelea mashine ya namna gani. Jibu: atakayoipenda mama. Nikarudisha: mama ataipenda atakayoiona yeye aliyesoma. Jibu: yeye hawezi kumtangulia mama. Tumeendelea hivyo mpaka chai ikapoa. Upuuzi mtupu, na mimi ni mmoja wa wapuuzi.

Alhamisi, 6 Machi

Nimekwenda dukani kwa Yasmini. Baba yake aliniuzia tepe za taipureta tangu nikiwa msichana. Sasa baba amezeeka, biashara zimefunguliwa, na binti anauza kompyuta kutoka Dubai pale pale palipokuwa na rafu ya tepe. Alinipa shikamoo yangu kabla sijavuka kizingiti. Ana adabu, tena hana maneno ya uongo.

Za bei ya kati anazo mbili. Aliniambia nisianze na kioo, kioo kinawadanganya wote. Nianze na bawaba: nifungue na kufunga mara ishirini, nisikilize kama inalia. Niulize betri inadumu muda gani, na ikifa, ya kubadilisha ipo hapa au ni ya kuagiza. Niulize fundi gani wa Mwanza anaweza kuifungua na kuirudisha ilivyokuwa. Halafu nichape. Muuzaji akikukataza kuchapa, ondoka dukani kwake.

Ya kijivu ni nyembamba, nyepesi, kioo chake cha rangi. Kila anayeingia anaishika hiyo. Vibonye vimebanana, kidole kimoja kinagusa viwili. Betri saa moja na kidogo. Ya akiba? Tutaagiza. Fundi? Yasmini alitazama dari.

Nyeusi ni nene na nzito, mbaya kwa sura. Bawaba ya chuma. Vibonye vina kina, kidole kinajua kimefika. Betri saa tatu na nusu, ya akiba ipo kabatini, fundi wake amekaa nyuma ya duka anakunywa uji. Tena bei yake imepungua kidogo kuliko ya kijivu, kwa sababu haina urembo.

Nimefumba macho nikachapa hati nzima. Sikukosea hata herufi. Nimeshachagua. Kilichobaki ni kumwambia mtu nisiyeweza kumwambia.

Jumamosi, 8 Machi

Kabula amekuja na mkungu wa ndizi na uso wa kuomba kitu.

Mumewe naye alikwenda kwa Yasmini jana. Amechagua ya kijivu. Ameshamdokeza Meneja, naye atatuita Jumatatu tuamue. Nikamuuliza kwa nini ya kijivu. Hajui. Mumewe hazungumzi mambo ya ofisi nyumbani, kwa sababu ofisi ni mimi.

Nikasema ile si mashine, ni kioo cha kujitazamia. Kabula akaweka kikombe chini.

"Mama, Jumatatu usimwaibishe mume wangu mbele ya bosi wake. Ana miezi miwili tu pale."

Na mimi je? Mimi nina miaka kumi na tisa na nimebakiza wiki tatu. Sikumwambia hivyo. Nilimenya ndizi. Ni Kwaresma, nimeahidi kupunguza hasira. Wapi.

Jumatatu, 10 Machi

Nataka kujipiga kofi.

Meneja alituita wote ofisini kwake, na Mzee Lukasi akiwemo. Mkwe alisimama karibu na dirisha, mimi karibu na mlango, wote tunaangalia sakafu. Mkwe akaisifu ya kijivu: nyepesi, inabebeka, ya kisasa. Sauti yake ilikuwa ndogo. Nilidhani ni heshima tu.

Meneja akanigeukia. "Mama, wewe ndiye mtumiaji. Unasemaje?"

Nilikuwa na ya kusema tangu Alhamisi. Bawaba, betri, fundi, vibonye. Nilikuwa nimeyapanga njia nzima kutoka nyumbani Igoma. Nikafungua mdomo na kusikia mtu anasema, "Sina neno." Mtu huyo ni mimi.

Imekwisha. Sekunde mbili.

Huyu mtoto ana cheti, hana akili. Na mimi nina akili, sina mdomo. Sijui nani mbaya zaidi.

Jumatano, 12 Machi

Ya kijivu imefika. Wote wamekuja kuishangaa. Hata mlinzi.

Nimeandika "miunofu" mara nane. Sangara amekuwa "sanfgara". Nimekunja vidole kama mtu anayeokota mchele. Kufika saa tisa kiganja kimekufa ganzi.

Utaratibu ni huu: nachapa hapa, kisha naibeba mashine kwa mguu mpaka kiwandani ufukweni, kwa kuwa printa iko kwao na jenereta lao halizimi. Printa wananipa. Kiti hawanipi. Kwa hiyo kuchapa ni huku, na nikifika kule nisimame nisubiri karatasi.

Mkwe ametuma salamu kupitia Mzee Lukasi: mashine inamfaa mama? Nimejibu inafaa sana. Mwongo mkubwa mimi.

Ijumaa, 14 Machi

Siku ya aibu.

Ndege ya mizigo ilikuwa ya saa nane. Umeme ukakatika saa nne. Haya, si ndiyo maana tulinunua betri? Nikaendelea. Hati ya kwanza, ya pili. Katikati ya ya tatu kioo kikafifia, kikawa cheusi. Saa moja na dakika tano. Nilikuwa nimehifadhi kila ukurasa kama nilivyofundishwa. Nikakimbia nayo kiwandani, nikaichomeka kwenye umeme wao nimesimama wima, na watu wa kupakia wananitazama. Ikawaka. Hati zote tatu zimegeuka alama za ajabu ajabu. Imekula kila kitu.

Nikarudi ofisini mbio na kandambili zilizolowa. Nikatoa kifuniko cha taipureta. Nilichapa hati tano, nakala sita sita, bila kuinua kichwa, na Mzee Lukasi ananipangia kaboni. Nyuma ya kabati hakukuwa na sauti hata ya kalamu. Ndege ilisubirishwa. Samaki walikaa juani uwanjani na barafu inayeyuka.

Bwana mkubwa wa kiwanda alimpigia Meneja simu. Mara moja zaidi, amesema, na hatutasubiri Pasaka.

Meneja ananiuliza mimi. Mimi! Kwamba mama, ulisema huna neno.

Jumapili, 16 Machi

Misa. Sikusikia mahubiri. Padri alisema habari za kusamehe, nikahesabu tofali za ukuta.

Jumanne, 18 Machi

Leo Mzee Lukasi amegoma.

Nilimtuma kwa mkwe kuchukua orodha ya makontena. Akaegemea kabati, akanitazama. Akasema yeye ni mtu mzima, magoti yanamuuma, na amechoka kubeba maneno ya watu wawili wanaosikiana. Kisha akaniomba tutoke nje kidogo, tukasimama kwenye kibaraza.

Kumbe yeye ndiye aliyempeleka mkwe dukani kwa Yasmini Ijumaa ile ya tarehe saba. Akaniambia yote. Kijana aliipenda nyeusi. Aliifungua, akaisifu bawaba, akaisifu betri, akasema hii ndiyo mashine ya kazi. Halafu akaipima mkononi. Akamuuliza Yasmini kilo ngapi. Akasema mama mkwe wangu ndiye atakayeibeba kwa mguu mpaka kiwandani kila siku, juani, siwezi kumtwisha jiwe. Akachagua ya kijivu.

Kwa ajili yangu.

Na mimi nikanyamaza kwa ajili yake. Wote wawili tulijua nyeusi ndiyo, tukasimama mbele ya Meneja na adabu zetu, tukanunua takataka.

Ningekuwa mtu wa kucheka ningecheka. Nimekasirika zaidi kuliko ile Ijumaa ya ndege. Kwani mimi nimemwambia naogopa mzigo? Nimebeba maji kichwani tangu nina miaka sita. Angeniuliza! Angemtuma huyo huyo Lukasi! Na mimi nisingekufa kusema neno moja. Heshima ya kuharibu kazi ni heshima gani?

Jumatano, 19 Machi

Nimezunguka kabati.

Sikuomba ruhusa kwa mtu. Nimevua viatu, sijui kwa nini, nikazunguka. Mkwe aliponiona aliruka kitini akaelekea mlangoni na uso ukutani. Nikasimama njiani.

"Kaa," nikasema.

Akakaa. Mimi nilitazama kalenda iliyo juu ya kichwa chake, yeye alitazama vidole vya miguu yangu.

"Mwanangu, mashine hii hainifai. Ile nyeusi nitaibeba. Si jiwe."

Kisha akasema, chini chini, "Ndiyo mama. Mimi nilijua haifai. Nisamehe." Nikamwambia samahani haichapi hati, anyanyuke twende.

Tumekwenda. Yeye mbele upande ule wa barabara, mimi nyuma upande huu. Yasmini ameirudisha ya kijivu bila ugomvi, maana kuna mteja wa Bukoba aliyekuwa anaililia kwa ajili ya kioo cha rangi. Tumebadilishana naye moja kwa moja, na betri ya akiba juu. Meneja hakuuliza, yeye anataka ndege iondoke.

Kabla hatujaichukua mkwe aliijaribu. Nilisimama pembeni, macho mezani. Anatumia vidole vyote kumi. Anachapa kama mvua juu ya bati. Vizuri, si haba. Sikumwambia.

Nyeusi aliibeba yeye mpaka ofisini. Ni nzito kweli.

Jumatano, 26 Machi

Umeme umekatika saa mbili na nusu. Nikasema moyoni, haya, njoo.

Hati saba. Betri ya kwanza ilinifikisha saa sita kasoro, nikaitoa nikatia ya akiba. Hakuna kilichopotea. Sangara ni sangara, minofu ni minofu. Mkwe ananitajia uzito wa kila kontena kwa sauti juu ya kabati, mimi nachapa, hatutazamani. Mzee Lukasi amekaa na gazeti, hana kazi, amefurahi.

Nimeifunga mashine kwa kitenge nikaitia kikapuni. Bega limeuma. Karatasi zimetoka printani safi, hakuna doa. Wa kiwandani amegonga muhuri bila kuuliza swali. Ndege imeondoka kwa saa yake. Jioni bwana mkubwa wa kiwanda amepiga simu: wanabaki na sisi.

Nililala mchana huu, mara ya kwanza tangu mwezi uanze. Hapo hapo mezani.

Alhamisi, 27 Machi

Mshenzi. Naandika tena: mshenzi.

Meneja aliniita asubuhi. Amefurahi. Amefurahi kupita kiasi. Kazi iliyokuwa inachukua siku nzima sasa inakwisha kwa nusu siku, kwa hiyo amefikiri. Mashine moja, mtu mmoja. Mhasibu amesomea kompyuta, atachapa hati na hesabu zake pamoja. Siku hizi kila kampuni inapunguza watu, mama, si sisi tu. Akanipa karatasi yenye mwandiko wake niichape. Nikasoma. Ni barua ya kuniachisha kazi. Nakala mbili, tafadhali, kabla hatujafunga kwa Pasaka.

Nichape mwenyewe. Kwa mashine niliyoichagua mwenyewe.

Safari hii sikutazama sakafu. Nilisema mpaka wauza karanga wa nje wakasimama. Nilimwambia hiyo mashine anayoisifu ilijaribiwa kwa vidole hivi, na mwaka wa kumi na tisa huu vidole hivi havijawahi kuchelewesha ndege mpaka alipoleta ile ya kijivu. Kama anadhani kompyuta inachapa yenyewe, barua aichape huyo mhasibu wake, sasa hivi, tuone. Yeye ataichapa, mimi nitasaini.

Meneja akaona ni haki. Akamwita mkwe, akamketisha kwenye kiti changu, akamwekea karatasi.

Mkwe aliisoma. Hakuinua kichwa. Akaanza.

Kidole kimoja. Aliitafuta M kama mtu aliyeangusha sindano. Akaipata, akaibonyeza mara tatu, akafuta. Akatafuta A. Mstari wa kwanza ulikuwa na makosa sita, akaurudia, ukawa na saba. Meneja alisimama, akakaa, akatazama saa. Mwisho akauliza, kijana, si ulisema umesomea kompyuta?

"Nilisomea hesabu, bwana. Kuchapa ni kazi ya mama."

Hakugeuka. Jasho lilimtoka kwenye masikio. Meneja alinong'ona kitu kuhusu vyuo vya Dar na pesa za wazazi. Mkwe alimeza hilo nalo.

Mimi nimefundisha wasichana kuchapa. Asiyejua namjua, vidole vyake havina kwao. Vya huyu vilikuwa vimetulia, kila kimoja juu ya kibonye chake, vinasubiri zamu ya kukosea.

Meneja aliivuta karatasi yake, akaikunja, akaitia mfukoni. Akasema basi, kila mtu aendelee na kazi yake. Hakuomba radhi. Sitamsamehe leo. Labda Pentekoste.

Mkwe alirudi upande wake wa kabati. Nami nikakaa. Kiti kilikuwa bado na joto.

Jumapili, 30 Machi. Pasaka

Misa ya kwanza. Mvua kidogo, ziwa limetulia.

Kabula na mumewe wamekuja saa sita. Kabula anaona mumewe hana furaha, ananiuliza kuna nini ofisini, eti Meneja anamwita mhasibu wa kidole kimoja. Nikasema waulizwe wanaume. Nimechinja jogoo.

Firigisi kwetu huliwa na baba wa nyumba. Tangu mume wangu afariki nimekuwa nikiikatakata nachanganya kwenye mchuzi, isiwe ya mtu. Leo nimeipika nzima. Nimeiweka juu ya sahani ya mkwe, katikati, ionekane. Kabula aliitazama, akanitazama, akaichukua sahani akampelekea mumewe.

Yeye amekula barazani, mimi nimekula ndani. Hatukuonana. Sahani imerudi tupu.